Kununua Vitu Vilivyokwisha Kutumika kwa Faida: Mwongozo wa Ukaguzi, Bei na Matunzo

Kitu kilichokwisha kutumika huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni uchakavu wa kweli: kola iliyolika, betri iliyochoka, droo isiyofunga sawasawa. Ya pili ni shaka. Muuzaji amekijua kitu chake kwa miaka, mnunuzi anakiona kwa dakika chache, na kwa kuwa mnunuzi hana njia ya kujua kilichofichika, hulipa kana kwamba kila kitu kina kasoro. Mwanauchumi George Akerlof aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba shaka inaweza hata kuvifukuza vitu vizuri sokoni, kwa sababu mwenye gari zima hakubali kuliuza kwa bei ya bovu. Kwa mnunuzi mjuzi, hata hivyo, shaka ya wengine ni punguzo: hulipa bei ya kitu kinachoshukiwa na kuondoka na kitu kizima. Mwongozo huu unahusu namna ya kulipata punguzo hilo, na mahali pasipofaa kulitafuta.

Faida zenyewe na mipaka yake

Faida ya fedha haiishii kwenye bei ya siku ya kununua. Kitu kipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mara tu kinapotoka dukani, kisha kasi ya kushuka hupungua, na hasara hiyo ya mwanzo huwa imekwisha kubebwa na mnunuzi wa kwanza. Ukinunua baada ya anguko hilo na ukatunza vizuri, unaweza kukitumia kitu kwa miaka kadhaa kisha ukakiuza kwa bei isiyo mbali na ile uliyolipa, jambo ambalo ni nadra kwa kitu kilichonunuliwa kipya.

Faida nyingine, ambayo husahaulika, ni kwamba kitu hicho kimekwisha kupita kwenye jaribio. Shati lililofuliwa mara nyingi halina siri tena: kama rangi yake ilikuwa ya kuchuja imekwisha kuchuja, na kama kitambaa kilikuwa cha kurudi kikifuliwa, kimekwisha kurudi. Meza ya mbao iliyokaa miaka mingi imekwisha kupinda pale ilipotaka kupinda. Hata kabati la mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, ambalo likiwa jipya hutoa mvuke wa fomaldehidi, kemikali ya kwenye gundi hiyo, unaopungua kadiri muda unavyopita, litakuwa limekwisha kutoa sehemu kubwa ya mvuke huo ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Hapa panahitaji tahadhari. Kauli kwamba vitu vya zamani vilitengenezwa vizuri zaidi ni nusu ya ukweli. Vitu vibovu vya zamani vilikuwapo, tena vingi. Vilivunjika, vikatupwa, na vilivyobaki hadi leo ndivyo vilivyokuwa imara tangu mwanzo. Kwa hiyo umri ni ushahidi wa uimara kwa kitu kilichofanya kazi miaka yote hiyo, wala si kwa kitu kilicholala ndani ya sanduku bila kuguswa.

Kuhusu mazingira, inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba huhitaji takriban lita 2,700 za maji hadi ikamilike, na kwa simu za mkononi sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayohusishwa nazo hutokana na utengenezaji, si na chaji ya kila siku. Maji na nishati hiyo vimekwisha kutumika, na kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya kitu huufanya utumizi huo uwe na maana zaidi. Lakini faida hii hupatikana pale tu kitu kilichotumika kinapochukua nafasi ya kipya ambacho ungekinunua. Mtu anayenunua mashati kumi kwa kuwa ni rahisi, ilhali alihitaji mawili, hajaokoa maji ya mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta kabla ya kutoka

Andika vipimo vya nafasi ambayo samani itakaa, pamoja na upana wa mlango itakamopitia. Andika vipimo vya nguo yako inayokukaa vizuri zaidi, yaani upana wa mabega, kifua, kiuno na urefu, kwa sababu namba za saizi zimebadilika mno kwa miongo kadhaa na nguo ya zamani yenye namba yako inaweza kukubana. Kisha tafuta bei ya kitu kipya cha ubora uleule. Kosa la kawaida ni kulinganisha kabati la mbao halisi lililotumika na kabati jipya la mbao za unga, kisha kusema kwamba la zamani ni ghali. Kwa mashine, tafuta pia kama vipuri bado vinauzwa, kwani mashine nzuri isiyo na vipuri ni pambo.

Hatua ya pili: ondoa kwenye orodha vitu visivyofaa

Vipo vitu ambavyo shaka yake haiondoki kwa ukaguzi wowote wa macho, na hivyo punguzo lake halina thamani. Ndani ya kofia ngumu ya pikipiki au baiskeli mna povu gumu linalopokea kishindo kwa kusagika, na likisagika mara moja halirudi katika hali yake. Kofia iliyopata ajali inaweza kuonekana nzima kabisa kwa nje. Viti vya watoto vya kwenye gari vina hatari ileile, tena vingi hupigwa muhuri wa mwisho wa matumizi. Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshushwa na kupandishwa viepukwe bila majadiliano: Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza, hata vikiwa vimetumika, mwaka 2011 baada ya watoto kufa kwa kunaswa.

Midoli na samani za watoto zilizopakwa rangi zamani huenda zina madini ya risasi. Nchini Marekani rangi ya aina hiyo ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na katika nchi nyingine ilichelewa zaidi. Vyombo vya udongo vilivyopakwa tabaka la kung'aa zamani vinaweza kuwa na madini hayohayo, hivyo vifae kwa kupamba, wala si kwa kulia chakula. Godoro hubeba kunguni na unyevu mahali usipopaona, na kwa maoni yangu hakuna bei ndogo kiasi cha kulihalalisha. Tairi nalo huzeeka hata likiwa stoo: ubavuni mwake, mwishoni mwa mfululizo unaoanza kwa herufi DOT, mna tarakimu 4 zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lisome kabla ya kutazama kina cha kashata zake.

Hatua ya tatu: beba vifaa vichache

Futi ya kupimia, tochi ndogo, sumaku, kioo cha kukuzia na chaja yenye waya unaoaminika vinatosha. Sumaku ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko udogo wake: hainasi kwenye dhahabu, fedha, shaba wala shaba nyeupe, kwa hiyo kinara kinachosemwa kuwa cha shaba tupu kikinasa, ni chuma kilichopakwa.

Hatua ya nne: kagua kwa utaratibu usiobadilika

Nguo ichunguzwe mahali inapochoka kwanza, si mahali inapopendeza. Ishike kwenye mwanga na utazame kwapani, kwenye viwiko, katikati ya mapaja na kwenye makalio, kwa sababu hapo kitambaa huwa chepesi kabla hakijatoboka. Vuta mshono kwa upole pande zote mbili. Uzi uliooza hukatika kwa sauti ndogo. Funga na kufungua zipu mara kadhaa, kisha igeuze nguo nje ndani. Nguo iliyoshonwa kwa nia huonekana upande wa ndani: pindo zina kitambaa cha akiba kinachoruhusu kupanuliwa, maua ya kitambaa yanakutana kwenye mshono, bitana haivuti kitambaa cha nje. Madoa ya jasho yaliyokuwa ya manjano na kukakamaa ni vigumu kuyaondoa, na harufu ya ukungu huondoka kwa nadra. Lakini kifungo kilichopotea, pindo lililoshuka na mshono uliofumuka ni kazi ya nusu saa kwa sindano, na kasoro hizo ndizo zinazoshusha bei kupita kiasi. Mipira ya kiunoni hupoteza mnyumbuko hata bila kuvaliwa, hivyo ihesabu kuwa itabadilishwa.

Ukitaka kujua aina ya nyuzi za nguo isiyo na lebo, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo na uuchome nyumbani juu ya sahani, kamwe si sokoni. Pamba na kitani huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huzimika yenyewe. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu.

Viatu vina mtego ambao wengi hawautarajii. Soli nyingi za viatu vya michezo na vya kupandia milima hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo unyevu wa hewa huivunjavunja polepole hata kiatu kikikaa ndani ya boksi. Kiatu cha miaka 15 ambacho hakijavaliwa hata siku moja kinaweza kumomonyoka baada ya hatua chache. Bonyeza soli kwa kidole gumba na uikunje. Ikiacha alama isiyorudi au ikitoa unga, kiache. Kiatu cha ngozi chenye soli iliyoshonwa ni habari tofauti, kwa sababu fundi anaweza kuibadilisha soli yote. Tazama tu kama ngozi imepasuka pale kiatu kinapokunjika, kwani ufa huo hauna tiba.

Katika samani, anza kwa kutoa droo. Ubao wake wa mbele ukiwa umeunganishwa na ubavu kwa meno yaliyochongwa yakaingiliana, samani hiyo ilitengenezwa na mtu aliyetarajia idumu. Ukiwa umeshikwa kwa pini na gundi, punguza matarajio na bei. Linganisha mkondo wa mbao juu ya meza na mkondo wake kwenye ukingo: mistari ikiendelea kutoka uso hadi ukingoni, huo ni ubao halisi, ikikatika ghafla, ni ganda jembamba lililobandikwa juu ya mbao za unga. Ganda lenyewe si aibu, kwani samani nyingi bora za zamani zilibandikwa ganda la mbao adimu juu ya mbao imara, lakini mbao za unga zilizovimba kwa maji hazirudi tena. Tikisa kiti kwa kushika mgongo wake. Kiungo kilicholegea kwenye kiti cha mbao halisi hufunguliwa, hukwanguliwa gundi ya zamani na kubandikwa upya, na ndiyo sababu kiti kinachoyumba mara nyingi ni ununuzi mzuri kuliko kilichopakwa rangi upya ili kuficha kasoro. Matundu madogo ya duara yakiwa na unga mpya chini yake, wadudu bado wamo. Matundu bila unga yanaweza kuwa ya zamani, lakini gonga mbao karibu nayo usikie kama ni mvungu.

Simu na kompyuta zinahitaji uvumilivu zaidi kuliko ujuzi. Piga *#06# ili kupata namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15, uilinganishe na iliyo kwenye mipangilio ya simu na kwenye boksi kama lipo, kisha uiulize kwenye hifadhidata ya simu zilizoibwa inayotumika katika nchi yako. Hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake mbele ya macho yako, kwa sababu simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haifunguki kwa kuifuta. Fungua ukurasa mweupe ili uone madoa ya skrini, piga simu, jirekodi sauti, piga picha kwa kila kamera, chomeka chaja. Betri za lithiamu huchakaa kwa mizunguko, na nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko ya kuchaji kati ya 300 na 500, hivyo gharama ya betri mpya iingie kwenye hesabu mapema. Swali muhimu kuliko yote ni kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya usalama kwa modeli hiyo. Simu nzuri isiyosasishwa ni hatari kwa mtu anayefanyia miamala ya fedha humo.

Vifaa vya umeme viwashwe na viachwe vikifanya kazi, si kuwashwa na kuzimwa. Soma kibandiko cha volti: kifaa cha volti 110 hadi 127 kikichomekwa kwenye umeme wa 220 hadi 240 huungua papo hapo, na hata kikiwekewa kibadilishi cha volti, mota nyingi zilizokusudiwa umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) huzunguka kwa kasi tofauti kwenye hezi 50. Kwa jokofu, bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila ukinzani, mpira umekufa. Jokofu pia ni mfano wa kitu ambacho uzee unaweza kuifuta faida: hufanya kazi saa 24 kila siku, na la miongo iliyopita linaweza kula umeme mwingi zaidi kuliko jipya, kiasi kwamba ulichookoa kwenye bei hulipwa taratibu kwenye ankara. Cherehani ya zamani ya chuma cha kusubu ni kinyume chake kabisa. Zungusha gurudumu lake kwa mkono. Likizunguka bila kukwama, mafuta na mkanda mpya mara nyingi ndivyo tu inavyodai, na kwa cherehani za Singer namba iliyogongwa kwenye bodi hukuwezesha kutafuta mwaka zilipotengenezwa.

Hatua ya tano: kadiria umri wa kitu kinachoitwa cha kale

Kwa kawaida ya wafanyabiashara wengi, kitu huhesabiwa kuwa cha zamani chenye thamani baada ya miaka 20 hivi, na cha kale kweli baada ya miaka 100. Usilipie miaka hiyo kwa neno la muuzaji. Vitu hubeba tarehe bila kukusudia. Chombo chenye jina la Ujerumani Magharibi kilitengenezwa kati ya 1949 na 1990. Chenye jina la Muungano wa Kisovyeti hakikuvuka 1991. Msimbo wa mistari ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa hiyo boksi lenye mistari hiyo haliwezi kuwa la miaka ya 1950. ISBN, yaani namba za utambulisho za vitabu, zilianza kuenea mwaka 1970 na zikawa za tarakimu 13 mwaka 2007. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kutumika miaka ya 1930, na ikionekana kwenye kabati linalodaiwa kuwa la karne ya 19, ama kabati limekarabatiwa au dai si kweli. Anwani ya tovuti kwenye lebo ya nguo inamaliza ubishi wote.

Ushahidi wa aina hii hukuonyesha mipaka tu: kwamba kitu hakiwezi kuwa cha zamani kuliko mwaka fulani, au kipya kuliko mwaka fulani. Hauthibitishi mwaka wenyewe. Tahadhari moja ya afya: saa za zamani zenye mishale ing'aayo gizani, hasa za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, huenda zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, na hazifai kufunguliwa nyumbani.

Hatua ya sita: mchunguze pia muuzaji

Uliza kitu kilinunuliwa lini, kwa nini kinauzwa, na kiliwahi kutengenezwa nini. Majibu yenyewe si muhimu kuliko kupatana kwake. Mwenye mali halali kwa kawaida anakumbuka jambo dogo lisilo na faida kwake, na hukutajia kasoro ambayo hukuiona. Unaponunua kwa mtandao, omba picha ya upande wa chini, ya lebo, na ya kitu kikiwa pamoja na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Anayeuza picha ya mtu mwingine hushindwa hapo. Kutana mahali penye watu, wala usitume malipo ya awali ili uwekewe.

Hatua ya saba: fanya hesabu, kisha taja bei

Jumlisha bei inayotajwa, usafiri, usafi, vipuri na fundi. Jumla ikikaribia bei ya kipya chenye dhamana, achana nacho, kwa kuwa dhamana nayo ni mali. Ikiwa bado iko chini sana, taja bei yako ukiambatanisha sababu: zipu inahitaji kubadilishwa na fundi anatoza kiasi hiki, mpira wa mlango umekufa na mpya ni kiasi hiki. Kasoro iliyotajwa kwa gharama yake hupunguza bei kwa heshima. Kukidharau kitu cha mtu humkasirisha tu, na huishia kukiuza kwa mwingine.

Hatua ya nane: kabla hakijaingia ndani

Nguo ziingie kwenye mfuko uliofungwa, kisha mashine ya kufulia ya nyuzi 60 za selsiasi, ambazo huua kunguni na mayai yake. Zisizoweza joto hilo, kama sufu, zikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda usiopungua siku 4. Samani za kitambaa zikaguliwe kwa tochi kwenye mishono na chini ya viti, mkitafutwa madoa meusi madogo na maganda ya kunguni. Jokofu lililosafirishwa likiwa limelazwa lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Waya wa umeme uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe kabla ya kuchomekwa, hata kama kifaa kinawaka.

Kisha weka mahali pamoja risiti, picha ulizopiga siku ya kununua na kumbukumbu ya kila matengenezo. Siku utakapokiuza, mnunuzi atakuja na shaka ileile uliyokuja nayo wewe, na karatasi hizo ndizo zitakazokuwezesha kumwomba bei ya kitu kizima.